Ufukweni, uwanjani au kilimani: wapi pa kurushia tiara, na urushe na nani

Mtu akishapata tiara yake ya kwanza nzuri, ya kununua au ya kujitengenezea, maswali mawili humjia kwa pamoja: nikairushie wapi, na nirushe na nani? Wengi hulishughulikia la pili kwanza. Hutafuta chama, hujiandikisha, kisha hugundua kwamba wenzao hukutana kwenye kiwanja kilichozibwa na miti pande zote, na tiara zinapanda mita kumi tu kabla ya kuyumba na kuporomoka. Mimi nashauri uanze na upepo. Palipo na upepo mzuri na nafasi ya kutosha, uwezekano ni mkubwa kwamba warushaji wengine walishapagundua kabla yako, kwa hiyo ukipata mahali utakuwa umekaribia kupata na watu.

Hapa chini nalinganisha mahali pa aina tatu, kisha njia nne za kupata wenzako. Mahali nitapapima kwa upepo, nafasi, ruhusa na usalama, halafu nani panamfaa. Watu nitawapima kwa utakachojifunza, masharti yao, na muda wanaokudai.

Neno kuhusu upepo kabla ya yote. Upepo mzuri wa tiara ni ule uliotulia, unaokuja kwa nguvu ileile na kutoka upande uleule, hata ukiwa mdogo. Tiara nyingi za kawaida huruka vizuri katika upepo wa kilomita 8 hadi 25 kwa saa. Huhitaji kipimo kujua. Majani ya miti yakitikisika mfululizo na bendera ndogo ikajinyoosha, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19, na hiyo ndiyo siku ya mwanafunzi. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka, umefika kilomita 20 hadi 28: hapo tiara kubwa inataka mikono yenye uzoefu na glavu. Miti midogo ikiyumba mzima mzima, mgeni wa mchezo huu aache tiara kwenye mfuko.

Ufukwe

*Upepo.* Ufukwe hauna mpinzani, kwa sharti moja: upepo uwe unatoka baharini. Upepo uliopita juu ya maji haukukutana na nyumba wala mti, kwa hiyo unafika ukiwa laini. Siku ya jua, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa baridi ya baharini huingia kujaza nafasi yake. Upepo huo kwa kawaida huanza kujitokeza kabla ya adhuhuri, hupata nguvu alasiri, na hufifia jua likikaribia kuzama. Ndiyo maana anayefika ufukweni saa mbili asubuhi akakuta kumetulia kabisa asikate tamaa. Arudi saa nane mchana. Fukwe zenye sifa kubwa kwa warushaji zinasaidiwa na jiografia yenyewe. Kisiwa cha Fanø huko Denmark na Long Beach katika jimbo la Washington, Marekani, vyote vinatazama magharibi, na huko pepo za mara kwa mara hutoka upande huo huo, juu ya bahari tupu.

Upepo ukigeuka ukatoka nchi kavu, ufukwe uleule huharibika. Upepo hufika vipande vipande baada ya kupasuliwa na majengo, na uzi ukikatika tiara inaishia majini. Usiifuate. Tiara hupatikana nyingine.

*Nafasi.* Tazama jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Berck, kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa, ina ufukwe ambao maji yakipwa huwa uwanda mkubwa wa mchanga, na tamasha lake la tiara hufanyika humo. Maji yakijaa, uwanda huo hupungua sana. Siku za bamvua tofauti ni kubwa zaidi: mchanga hupanuka mno na kisha humezwa haraka. Panga kufika maji yanapoendelea kupwa, ili upate saa kadhaa za nafasi inayoongezeka badala ya kukimbizwa.

*Ruhusa na usalama.* Miji mingi huzuia tiara kwenye sehemu za waogeleaji wakati wa msimu, au hutenga kona yake maalumu. Fukwe nyingine hufungwa kwa sababu ya ndege wanaotaga mchangani: tiara angani huonekana kwao kama mwewe, nao hukimbia na kuacha mayai. Kama kuna watu wanaovutwa majini na tiara kubwa, kaa mbali na njia yao ya kuingilia na kutokea, maana nyuzi zao zina nguvu ya kukata. Na ukirudi nyumbani, suuza uzi na vijiti kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mchanga ulioingia kwenye viungo vya fremu hukwaruza kila unapoikunja.

*Panamfaa nani.* Mwanafunzi, mwenye tiara ya nyuzi mbili au nne (zile unazoziongoza angani kwa mikono yote miwili), na mwenye tiara kubwa za maonyesho. Panamfaa kidogo mtu anayepata saa moja tu baada ya kazi, na yeyote anayeishi mbali na maji.

Uwanja wa wazi

*Upepo.* Hapa adui ni vizuizi. Mti au jengo huvuruga hewa mbali sana nyuma yake. Kanuni inayotumiwa sana ni kusimama umbali wa angalau mara saba ya kimo cha kizuizi kilicho upande upepo unakotoka, na mara kumi ni bora. Mstari wa miti ya mita 15 unataka uwe mita 105 kutoka hapo, au zaidi. Watu husahau hili kwa sababu wakisimama chini wanahisi upepo usoni, wakadhani na wa huko juu ni uleule.

Jaribu hivi. Chukua utepe mwepesi, ufunge kwenye ncha ya fimbo ndefu, uinue kadiri mkono unavyofika, kisha utulie na kuutazama kwa dakika mbili nzima. Utepe ukinyooka na kutetemeka kidogo tu, pako sawa. Ukilala, ukasimama, ukajizungusha kwenye fimbo kisha ukageukia upande mwingine, umesimama ndani ya hewa iliyovurugika. Sogea hatua hamsini kuelekea katikati ya uwanja, ujaribu tena. Jaribio hili dogo limeokoa tiara nyingi kuliko mkia wowote.

Jambo la pili ni joto. Mchana wa jua kali, ardhi hupasha hewa isivyo sawa, na mafungu ya hewa moto hupanda yenyewe. Tiara ikiingia humo hupaa moja kwa moja hadi utosini pako, uzi unalegea mkononi kana kwamba umekatika, kisha fungu likipita uzi unavutwa ghafla. Kwa mwenye uzoefu huo ni mchezo mtamu. Kwa mtoto ni kilio. Uwanja wa bara una utulivu zaidi asubuhi na jioni.

*Nafasi.* Tiara ya uzi mmoja huhitaji ukanda mrefu mbele yako, upande upepo unakoelekea. Tiara ya nyuzi mbili za mita 30 hufagia nusu duara lenye upana wa mita 60, na eneo lote hilo lisiwe na mtu, pamoja na ziada ya kutosha pembeni. Viwanja vya michezo vingi havitoshi kama kuna watu wengine. Mfano wa uwanja unaotosha kweli ni Tempelhofer Feld huko Berlin: ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ukafunguliwa kwa wananchi kama bustani. Zaidi ya hekta 300 karibu bila mti wala ukuta, katikati ya jiji. Ukitafuta mahali katika ramani ya eneo lako, tafuta kitu cha namna hiyo: njia za ndege zilizoachwa, mabonde ya mafuriko, malisho ya wazi.

*Ruhusa na usalama.* Nyaya za umeme zinaondoa uwanja kwenye orodha papo hapo, hata uwe mzuri namna gani. Tiara iliyonasa kwenye nyaya haifuatwi wala haivutwi. Ripoti kwa shirika la umeme. Ukaribu na uwanja wa ndege unaotumika nao ni kikwazo, na sheria zinatofautiana nchi kwa nchi. Uingereza tiara isipite mita 60 juu ya ardhi bila kibali. Ujerumani kibali hudaiwa uzi ukizidi mita 100. Marekani kanuni maalumu za anga huhusu tiara zinazozidi ratili 5, yaani kama kilo 2.3. Uliza kwenu kabla ya kununua gurudumu la uzi wa mita 300.

*Panamfaa nani.* Mwenye familia, mwenye muda mfupi, na anayetaka kurusha mara kwa mara. Ubora mkubwa wa uwanja ni kuwa karibu, na huo si ubora mdogo: tiara inayorushwa kila wiki kwenye upepo wa wastani hufundisha zaidi ya ile inayosubiri safari ya ufukweni.

Kilima

*Upepo.* Hewa ikipanda mteremko hubanwa na kuongeza kasi, kwa hiyo juu ya kilima huwa na upepo hata siku ambayo bondeni jani halitikisiki. Mahali pa kusimama ni kileleni au hatua chache kabla yake, upande upepo unakotoka. Nyuma ya kilele hewa hujikunja na kurudi chini, na tiara ikiangukia huko hupigwa ardhini. Jiji la London lina Parliament Hill, chenye mita 98 tu, ambacho watu wamekizoea kama kilima cha tiara. Berlin ina Drachenberg, kilichojengwa kwa kifusi cha vita, na jina lake lenyewe linahusishwa na tiara. Havihitaji kuwa virefu, alimradi vimeinuka kuliko vyote vinavyovizunguka.

*Nafasi.* Ni finyu. Kilele huchukua warushaji wachache, na mteremko hufanya kutua na kurusha upya tiara ya nyuzi mbili kuwa kazi.

*Ruhusa na usalama.* Upepo wa kileleni ni mkali kuliko ulioupima kwenye maegesho, kwa hiyo pima tena ukishafika. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, kusanya uzi na ushuke. Uzi uliolowa hupitisha umeme.

*Panamfaa nani.* Mpenzi wa tiara nyepesi za uzi mmoja, anayetaka kuiona ikisimama juu na kutulia. Wenye watoto wadogo wanaopenda kukimbia watafute kwingine.

Sasa, watu

*Chama rasmi.* Nchi nyingi zina chama cha taifa cha warushaji chenye orodha ya vilabu vya mikoani. Marekani wana American Kitefliers Association tangu mwaka 1964, na kwingineko vipo vya namna hiyo. Huko utajifunza kwa mpangilio: mafundo yasiyoteleza, kurekebisha nyuzi fupi zinazoshikilia fremu ili tiara isiegemee upande, hata kushona tiara kwa cherehani. Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba chama kimeshamaliza kazi ya mahali. Kimeshazungumza na wenye uwanja, kinajua upepo gani unafaa na upi haufai, na baadhi ya vyama hukata bima kwa ajili ya ajali. Masharti yake: ada, kanuni za aina ya uzi, na siku maalumu. Muda wako utadaiwa, hasa wakati wa maandalizi ya maonyesho.

Usijiunge kabla ya kwenda kutazama. Nenda siku yao ya kurusha, ukae pembeni kwa saa moja. Je, wamepangana kwa mistari, kila mtu na eneo lake, au nyuzi zinapishana hovyo? Nyuzi zisizotumika zimekunjwa, au zimelala majanini zikisubiri mguu wa mpita njia? Upepo ukizidi, kuna anayesema "tushushe" na wengine wakatii? Na je, kuna aliyekuja kukusalimu akakuachia uzi wake ushike kidogo? Hilo la mwisho nalipa uzito sana. Kisha uliza chama kinapendelea nini. Vingine hujikita kwenye mashindano ya tiara za nyuzi mbili kwa timu, vingine kwenye tiara kubwa zilizojazwa upepo, vingine kwenye tiara za kuvuta mikokoteni ya magurudumu matatu mchangani. Mpenzi wa tiara ndogo za karatasi akiingia cha namna hiyo atachoka upesi, na kosa halitakuwa la mtu.

*Kundi lisilo rasmi.* Hawa huwapati kwenye orodha. Chagua alasiri ya mwisho wa wiki yenye upepo, nenda kwenye mahali panapofaa kwa vigezo vya juu, kisha tazama angani. Waulize pia walinzi wa bustani na wauzaji wa tiara. Wauzaji hasa hujua nani hununua uzi mwingi na wanarushia wapi. Mafunzo hapa hayana ratiba: mtu anakuonyesha jambo moja leo, jingine mwezi ujao. Ada hakuna, masharti machache, na ujumbe wa simu saa sita mchana, "upepo umekuja", unatosha kuwakusanya. Bima nayo hakuna, na ruhusa ya uwanja huenda haijawahi kuombwa.

Kwenye makundi haya angalia uzi. Penye mchezo wa kukatana nyuzi angani, baadhi hupaka nyuzi unga wa kioo au hutumia nailoni iliyofanywa kuwa kali. Mchezo wenyewe una historia ndefu na ustadi wa hali ya juu. Anga la Ahmedabad huko India tarehe 14 Januari, siku ya sikukuu yao ya tiara, ni moja ya mambo mazuri ambayo watu wamefanya na karatasi na mianzi. Lakini uzi wa namna hiyo hukata ndege na shingo za waendesha pikipiki, na mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India iliupiga marufuku ule wa nailoni nchi nzima. Kundi linaloutumia penye wapita njia, liache, hata wakiwa wakarimu namna gani.

*Matamasha.* Weifang, China, wamekuwa wakikusanya warushaji wa kimataifa tangu 1984. Cervia, Italia, tangu 1981. Dieppe, Ufaransa, tangu 1980, kila baada ya miaka miwili. Hamamatsu, Japani, hupandisha tiara zao kubwa tarehe 3 hadi 5 Mei. Utajifunza kwa macho mambo ambayo maelezo hayafikishi, na mafundi wengi hufurahia kuulizwa. Lakini eneo kuu huwa la walioalikwa, na sehemu ya umma hujaa. Lenye faida kwa msomaji wa makala hii ni jingine: tamasha ni soko la kutafuta majirani. Vilabu huja na mabango yao. Tafuta wanaotoka karibu na kwenu, uliza wanakutana wapi, na hata tamasha dogo la mji wako litakupa jibu hilo.

*Peke yako.* Uhuru kamili, hakuna ada, hakuna anayekusubiri. Utajifunza polepole, na mambo mengine kwa kuvunja vijiti. Tiara kubwa huhitaji mtu wa pili wa kuishika wakati wa kuirusha, na ukiumia mkono hakuna wa kushusha. Kwa tiara ndogo ya uzi mmoja, hata hivyo, ni njia kamili na haina upungufu wowote wa kuonewa huruma.

Kulingana na hali yako

Unaanza kabisa na una watoto: uwanja wa wazi asubuhi, tiara ya uzi mmoja yenye mkia, peke yenu au na kundi la jirani. Chama kinaweza kusubiri hadi mtoto mwenyewe aanze kuuliza.

Umenunua tiara ya nyuzi mbili na inajikita mchangani kila mara: ufukwe wenye upepo wa baharini, na chama, hata kwa msimu mmoja tu. Mtu mwenye uzoefu akisimama nyuma yako kwa nusu saa ataona kosa ambalo wewe utalitafuta kwa miezi.

Uko bara, hakuna bahari wala ziwa: linganisha kilima cha karibu na uwanja mkubwa. Mwenye tiara nyepesi aanze na kilima. Mwenye za nyuzi mbili aanze na uwanja, na apime umbali wa miti kwa hatua.

Una ratiba isiyotabirika: kundi lisilo rasmi, kwa sababu upepo nao hautabiriki na wao wamezoea kuufuata.

Unapenda kutengeneza kuliko kurusha: chama chenye mafundi wa kushona, na tamasha moja kwa mwaka ukiweza.

Unavutiwa na tiara za kuvuta mtu, mchangani au majini: hapa sioni nafasi ya kujifunza peke yako. Tafuta mwalimu au chama chenye mafunzo, kwenye ufukwe ulioruhusiwa, na uanze na tiara ndogo ya mafunzo.

Na kama bado umekwama kati ya vyama viwili vinavyofanana, omba kila kimoja kikuambie upepo wa upande gani huwafanya waahirishe kukutana. Chama kinachojibu bila kusita kinaujua uwanja wake. Anza na hicho.